Nimepata honazi chuo cha Marekani, semesta ya kwanza nichukue kozi gani?

nyar_kisumu

Habari zenu wadau. Naomba msaada kwa wale mmepitia hii njia juu huku nyumbani sina wa kuuliza, kila mtu ananiambia tu soma kwa bidii na bidii si ndio shida yangu sai. Nimepata nafasi chuo kimoja cha serikali kule Ohio, naanza mwezi wa nane, na kwa barua wakasema nimeingia pia honazi, ule mpango wao wa wanafunzi wa alama za juu. Skolashipu yangu imefungiwa hapo hapo, GPA, ule wastani wao wa alama, ikienda chini ya 3.5 mwisho wa mwaka wananitoa honazi na pesa inaenda nayo.

Wiki ijayo niko na Zoom na adivaiza, yule mshauri wao wa kozi, saa nane mchana kwao, huku ni saa tatu usiku. Siku mbili baadaye potali inafunguka nichague kozi. Nataka kufanya biokemia halafu udaktari. Nimekaa na simu nikatengeneza hii listi:

Kemia ya jumla ya kwanza na maabara yake, krediti 4
Baiolojia ya kwanza na maabara, 4
Kalkulasi ya kwanza, 4
Uandishi wa mwaka wa kwanza, 3
Semina ya honazi, 3
Ile ya kuzoea chuo, 1

Inakuja 19 na potali inasema mwisho ni 18. Nitoe gani? Halafu kuna kemia ya kawaida na kemia ya honazi, krediti ni zile zile, si nichukue ya honazi juu mimi ni wa honazi ama? Na KCSE yangu, ule mtihani wa form four, haiwezi kunitolea hata kozi moja? Hesabu nilipata A, kemia A, baiolojia A ya kutoa. Kuna mtu amenishauri niruke kalkulasi ya kwanza niingie ya pili moja kwa moja. Baba naye, ana duka hapa Kibuye, anasema nichukue zote nimalize haraka nirudi nikiwa daktari. Nimechanganyikiwa.

njoro_mdogo

Hongera sana dada. Mimi niko Egerton huku Njoro, sisi hatuulizwi, yuniti za mwaka wa kwanza zinakuja zimepangwa tayari kazi yako ni kurejista tu. Kwa hivo sina ushauri, nimekuja kusoma majibu. Lakini hiyo krediti ndio nini haswa?

jamaa_wa_lurambi

Nyar Kisumu hongera, na karibu. Mimi ni wa Kakamega lakini nilisomea huko, nikafanya kemia, nilikuwa honazi pia. Hebu nianze na swali la Njoro juu ndilo linafungua mengine yote.

Krediti moja ni kama saa moja ya darasa kwa wiki, na wao wenyewe wanahesabu kwamba kwa kila saa ya darasa utaweka saa mbili nje ukisoma na kufanya asaimenti. Kwa hivo krediti 15 ni saa 45 kwa wiki, hiyo ni kazi ya kuajiriwa. 19 ni saa 57, na bado hujapika, hujafua, hujapiga simu nyumbani. Na maabara inadanganya. Inaandikwa krediti 1 lakini unasimama mle ndani hata masaa matatu, halafu ripoti unaandika usiku kwa kompyuta na grafu zake na makosa ya kipimo, si kama ile praktiko yetu ya kujaza jedwali na kuondoka. Wewe ulikuwa umeweka maabara mbili kwa semesta ya kwanza.

Digrii yao ni krediti 120 hivi. Gawa kwa semesta nane ni 15. Baba akisema umalize haraka mwonyeshe hiyo hesabu, 15 kila semesta unamaliza miaka minne bila kukimbizana. Tena vyuo vingi vya serikali karo ni moja kutoka krediti 12 hadi 18, ukipita hapo unalipa juu yake, kwa hivo uliza kabla baba hajafurahia hiyo 19.

Sasa utoe gani. Watu wengi hutoa ile ngumu zaidi, na hapo ndipo wanaharibu. Usiangalie ugumu, angalia mnyororo. Kemia ya kwanza ndio inafungua kemia ya pili, kemia ya pili inafungua kemia oganiki ya kwanza, hiyo inafungua oganiki ya pili, ndio ufike biokemia yenyewe. Hizo ni semesta tano zimefuatana na huwezi kuruka hata moja, na mahali pengine kemia ya kwanza inafundishwa Agosti peke yake, ukiikosa umesukuma kila kitu mwaka mzima. Kemia haitoki hata kwa dawa. Kalkulasi pia haitoki, juu fizikia inaingoja. Baiolojia kwa mtu wa biokemia haina mkia mrefu hivo, mara nyingi unaweza kuianza Januari bila kuchelewa popote. Lakini hapo usiniamini mimi, muulize adivaiza swali moja tu, baiolojia ya kwanza inafundishwa Januari pia? Akisema ndio, hiyo ndiyo ya kutoa.

Kemia ya honazi. Kuwa honazi haimaanishi kila darasa liwe la honazi. Soma kijitabu chao, kwa kawaida wanataka idadi fulani ya kozi za honazi kwa miaka yote minne pamoja na tasnifu mwisho, na mwaka wa kwanza semina moja inatosha. Darasa la honazi la kemia ni zuri, watu ishirini hivi na profesa anakujua jina, wakati lile la kawaida unaweza kukaa na watu mia mbili kwa ukumbi. Shida ni kwamba hao ishirini wengi walishafanya kemia ya AP, ile ya kiwango cha chuo, kwao sekondari, kwa hivo profesa anaanzia mahali wewe unaona kwa mara ya kwanza. Si kwamba huwezi. Ni kwamba wiki zile za kwanza wewe utakuwa unazoea pia lafudhi, baridi, kuuliza maswali darasani na farenhaiti. Kuna kitu kinaitwa kontrakti ya honazi, unachukua kozi ya kawaida, unakubaliana na profesa ufanye kazi ya ziada, inahesabiwa honazi. Hiyo iweke mwaka wa pili.

Na hii ya 3.5 hebu tuipigie hesabu kabisa. A ni 4, B ni 3, C ni 2, unazidisha na krediti. Sema umechukua 16, umepata A kila mahali isipokuwa kalkulasi ya krediti 4 umepata C. 12 mara 4 ni 48, ongeza 8 ni 56, gawa kwa 16, ni 3.5 kamili. Umesimama ukingoni. Kemia nayo ikikuletea B unakuwa 3.25. Kozi mbili tu hizo. Bado una semesta ya pili ya kurekebisha juu wanaangalia mwisho wa mwaka, lakini hutaki kuingia Januari ukiwa na deni.

kijana_wa_kondele

Mnamtisha msichana bure. Omera, huyu ametoka na A shule za huku, kidato tulikuwa na masomo nane, prepu asubuhi na prepu usiku, jumamosi darasa, hizo 18 ni nini? Wazungu ndio wanaona nyingi. Chukua zote dada.

jamaa_wa_lurambi

Kondele nakusikia, na ukweli kwa kukaa chini na kusoma hatushindwi na mtu. Lakini angalia vile alama zinakuja. Kwetu unaweza kulala form three yote, uamke muhula wa pili wa form four, ufanye mitihani ya nyuma ya mwigo mpaka kieleweke, na mtihani wa mwisho ndio unakuhukumu. Huko alama zinaanza kuhesabiwa wiki ya kwanza. Asaimenti ya mtandaoni inafungwa saa tano na dakika hamsini na tisa usiku ukichelewa dakika moja ni sifuri, kwizi kila ijumaa, mtihani wa kwanza unakuja hata mwezi haujaisha. Hakuna kuamka baadaye. Ukipata mitihani miwili mibaya Septemba hata ukishika ya mwisho yote, hesabu haifiki A. Ndio nasema semesta ya kwanza punguza mzigo, kuanzia ya pili ukitaka 18 chukua.

kijana_wa_kondele

Sawa hapo umesema ukweli. Lakini pia asiende 12 akalale.

mwalimu_hesabu

Mulembe. Nafundisha hesabu huku Kakamega, form four ndio darasa langu miaka mingi. Nataka nijibu hilo la kuruka kalkulasi tu, mengine Lurambi amemaliza.

Binti yangu, A yako ni ya haki na usiruhusu mtu aidharau, ila angalia ndani yake kuna nini. Silabasi yetu ya difrensiesheni inaishia kwa polinomia. Unajua kushusha x³ ikawa 3x², gradienti ya tangenti na nomo, pointi za kugeukia, kasi na mchapuko. Integresheni vile vile, polinomia, eneo chini ya mkunjo, basi. Nikikupa sin x uitafutie difrensiesheni, haimo. Ile e na loga yake asilia, haimo. Sheria ya mnyororo, ya kuzidisha, ya kugawanya, hakuna hata moja. Kalkulasi ya pili inaanza siku ya kwanza ikidhani hivyo vyote viko kwa vidole, wiki ya kwanza unapewa integresheni ya x ikizidishwa na e kipeo x na darasa zima linaandika wewe ukitazama. Huyo aliyekuambia uruke pengine alifanya A level ya Uingereza, hao kweli wanaweza kuruka juu wamefika huko, na vyuo vingi Marekani vinawapa krediti. KCSE kwa kawaida inakuingiza tu, haikutolei kozi.

Jambo la pili, na hili fanya leo. Vyuo vingi huko vina mtihani wa kupima hesabu unafanyia nyumbani kwa kompyuta, wengi wanatumia ALEKS. Bila hiyo alama potali haikuruhusu kurejista kalkulasi, inakutupa kwa aljebra ambayo hata haihesabiwi kwa digrii yako. Angalia imeli zako vizuri pengine walishakutumia. Na usifanyiwe na mtu, hata kakako. Ukifanyiwa utawekwa mahali si pako na mtihani wa kwanza ndio utakuumbua.

Kabla ya Agosti chukua daftari, fanya trigonometria yote tena hasa redian, na loga. Watoto wangu walioenda huko wananiambia kalkulasi yenyewe si mbaya, kinachowaangusha ni aljebra ya katikati, kurahisisha sehemu, kutoa mabano.

nyar_kisumu

Mwalimu asante sana, kweli kuna imeli ilikuja wiki mbili zilizopita nikadhani ni tangazo tu. Nimeifungua, ni hiyo ALEKS. Naifanya kesho asubuhi kabla nyumba haijaamka.

Lurambi nimeelewa mnyororo. Na hii ya uandishi naogopa kidogo juu insha nilikuwa sawa lakini sijui wao wanataka nini.

jamaa_wa_lurambi

Uandishi wao si insha ya kupamba. Sisi tulifundishwa kuanza na jua likichomoza na ndege wakilia na methali mahali fulani katikati, na hoja inafika ukurasa wa pili ikiwa imechoka. Huko sema unachodai kwa aya ya kwanza kabisa, halafu kila aya inakuja na ushahidi, na kila mahali umetoa wazo la mtu unaandika limetoka wapi. Hiyo ya mwisho ndio kali, ukinakili sentensi mbili bila kumtaja mwenyewe ni kesi ya nidhamu, na honazi wanakutoa haraka kuliko wengine. Profesa ana saa zake za ofisi zimeandikwa kwa silabasi, nenda na rasimu yako mkononi, kwao hiyo si kusumbua. Sisi huwa tunaogopa kumsumbua mwalimu, mpaka semesta inaisha hujawahi kubisha huo mlango.

Halafu kuna kitu cha kuuliza adivaiza, mahali pengi semina ya honazi inasimama badala ya kozi ya uandishi. Ikiwa ni hivo usizichukue zote mbili.

mama_wa_milimani_nakuru

Habari zenu. Kijana wangu yuko huko mwaka wa tatu, na mimi nimejifunza hizi karatasi zao kuliko yeye. Mwanangu nikuambie mambo ambayo vijana wenzako hawakuambii.

Wewe utaenda na viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Hiyo viza inataka uwe mwanafunzi wa kutwa, na kwa digrii ya kwanza hiyo ni krediti zisizopungua 12 kila semesta. Kwa hizo 12 darasa la mtandaoni linalohesabiwa ni moja tu, usije ukajaza za mtandaoni ukidhani umetosha. Kuna binti wa rafiki yangu alitoa kozi katikati ya semesta juu ilimshinda, akabaki chini ya 12, hakuuliza mtu, na kilichofuata kilikuwa kilio na mawakili. Kuna ruhusa ya kupunguza kwa sababu maalum, kama umewekwa darasa lisilo lako, lakini mpaka ofisi ya wanafunzi wa kigeni iandike kabla hujatoa. Kabla, si baada.

Sasa angalia. Ukiwa na 15 na ukatoa ya krediti 3, umebaki 12, salama. Lakini ukitoa kalkulasi ya 4 umebaki 11, hapo umevunja viza. Kwa hivo mimi napenda 16, unakuwa na nafasi ya kutoa hata hiyo ya 4 ukilemewa. Wiki ya kwanza hivi unaweza kutoa kozi ikapotea kama haikuwahi kuwepo. Baadaye ukitoa inaandikwa W, yaani ulijitoa, haiharibu GPA, lakini soma barua ya skolashipu, nyingine zinataka umalize idadi fulani ya krediti kwa mwaka na W haihesabiwi.

Na chanjo, wanangu. Hili limewafungia wengi potali siku ya kurejista. Wanataka karatasi ya MMR, surua, matumbwitumbwi na rubela, dozi mbili. Kitabu cha kliniki cha huku kina surua na rubela, matumbwitumbwi hayamo kwa ratiba yetu ya serikali, kwa hivo kitabu chako peke yake hakitatosha. Nenda hospitali ya kibinafsi uulize kama wako na MMR, na usingoje, juu kati ya dozi ya kwanza na ya pili lazima zipite wiki nne. Pia wengi wanadai kipimo cha TB kwa wanaotoka kwetu. Ingia potali sai uangalie kama kuna kizuizi kimewekwa kwa jina lako.

nyar_kisumu

Mama asante, Mungu akubariki. Nimeingia sai hivi na kizuizi kipo, kimeandikwa chanjo, na mimi nilikuwa naona hiyo alama nyekundu nikidhani ni ya karo. Kesho asubuhi naenda hospitali.

mama_wa_milimani_nakuru

Ukipata ya kwanza waandikie imeli utume picha ya karatasi, mara nyingi wanafungua kwa muda wakingoja ya pili.

sista_wa_bungoma

Hakuna mtu amesema kuhusu udaktari na naona mzee wake anangoja daktari. Mdogo wangu mimi ni nesi, huko niko miaka kadhaa, wacha nikuambie mapema ili usije ukalaumu mtu. Hapa kwetu unatoka form four unaingia MBChB, Maseno ama Moi, miaka sita wewe ni daktari. Marekani udaktari si digrii ya kwanza. Unamaliza miaka minne ya biokemia ama chochote kile, unafanya mtihani wa MCAT, ndio uombe shule ya udaktari miaka minne mingine, halafu mafunzo ya hospitali. Na shule nyingi sana za udaktari huko hazichukui mtu ambaye si raia ama hana makazi ya kudumu, zile chache zinazochukua nyingine zinataka waone pesa za miaka yote kwanza.

Sisemi uache. Nasema semesta ya kwanza usipange kama mtu ambaye ana mlango mmoja tu. Kwa sayansi wanaofanya PhD kwa kawaida wanalipiwa karo na kupewa posho, wageni pia, na njia ya kufika huko ni kufanya utafiti kwa maabara ya profesa ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili, na hapo honazi inakusaidia sana juu wanawapa nafasi kwanza. Kwa hivo hata ukichagua semina ya honazi, angalia nani anaifundisha. Kama ni mtu wa sayansi na ana maabara, huyo mchukue hata kama mada haikuvutii.

Na ukitaka kujaza krediti 3, chukua saikolojia ama sosholojia. MCAT inauliza hayo tangu 2015, na pia yanahesabiwa kwa zile kozi za lazima za kila mwanafunzi. Moja inalipa deni mbili.

nyar_kisumu

Dada hapo umenikalisha chini. Nimemsomea baba usiku huu, akanyamaza sana, halafu akauliza hiyo PhD inalipwa shilingi ngapi. Kwa hivo tunaongea.

kijana_wa_kondele

Haha mzee ni mfanyabiashara wa Kibuye kweli.

nyar_kisumu

Nimerudi. Zoom iliisha jana, adivaiza ni mama mmoja mpole sana ila anaongea haraka. Nilimuuliza maswali yenu yote nilikuwa nimeandika kwa karatasi. Baiolojia ya kwanza inafundishwa Agosti na Januari. Kemia ya kwanza iko pia Januari lakini darasa moja tu na linajaa. Semina ya honazi kweli inasimama badala ya uandishi, nilitaka kulia vile nilikuwa nimeziweka zote. ALEKS nimepita, naingia kalkulasi ya kwanza. MMR ya kwanza nimechanjwa na kizuizi kimefunguliwa kwa muda.

Kwa hivo sai niko hivi, kemia ya kawaida 4, kalkulasi 4, semina 3, sosholojia 3, ya kuzoea chuo 1. Ni 15. Lakini Mama alisema 16 na nimeangalia hesabu yake ni kweli, nikitoa kalkulasi ama kemia nabaki 11. Niongeze nini ya krediti 1 ambayo haitaniua?

jamaa_wa_lurambi

Wako na kozi za krediti 1 za mwili na za sanaa. Kwaya, yoga, kuogelea. Wengine wanazipa alama na wengine ni kupita ama kuanguka tu, angalia. Kama ina alama na unahudhuria kila siku ni A ya bure inakusaidia kwa ile 3.5.

nyar_kisumu

Kuogelea ipo! Jumanne na alhamisi, na ina alama. Naichukua, sijui kuogelea.

kijana_wa_kondele

Umekaa Kisumu maisha yako yote, ziwa liko hapo Dunga unaliona, na unaenda kujifunzia kuogelea Ohio??

nyar_kisumu

Wewe unajua? Ama unasimamanga tu hapo ukila samaki.

kijana_wa_kondele

Nasimama tu.

mama_wa_milimani_nakuru

Potali inafunguka saa ngapi mwanangu?

nyar_kisumu

Kesho saa mbili asubuhi kwao, huku ni saa tisa mchana. Nitaenda saiba hapo mtaani juu nyumbani stima inaweza kupotea wakati wowote.

jamaa_wa_lurambi

Nenda na namba za madarasa zimeandikwa, si majina. Kila kozi ina madarasa mengi kwa saa tofauti, andika la kwanza unalotaka na la akiba mawili. Usiweke kalkulasi na kemia zikafuatana mguu kwa mguu kama majengo yako mbali, fungua ramani ya chuo uone. Na maabara isiwe jioni ya siku moja kabla ya kwizi. Wanafunzi wa honazi kwa kawaida hurejista mapema kuliko wengine, lakini mwaka wa kwanza inategemea siku yako ya Zoom, na wageni mara nyingi tunaingia wa mwisho, kwa hivo usishtuke ukikuta zimejaa.

nyar_kisumu

Nimemaliza sai hivi. Kalkulasi nimepata ile nilitaka, semina nimepata ya yule profesa wa kemia ya maji, sosholojia na kuogelea ziko sawa. Kemia ya saa nne asubuhi ilikuwa imejaa, nimewekwa kwa foleni ya kungoja, na iliyobaki ni ya saa mbili asubuhi. Nishike hiyo ya saa mbili ama ningoje?

jamaa_wa_lurambi

Shika ya saa mbili leo leo. Kama potali inakuruhusu baki pia kwa foleni ya ile nyingine, mahali pengine mfumo unakuhamisha wenyewe nafasi ikipatikana. Wiki ya kwanza watu wanatoa kozi ovyo, nafasi hufunguka usiku. Lakini usikae bila kemia hata siku moja ukingoja foleni.

sista_wa_bungoma

Na Novemba saa mbili asubuhi huko ni baridi kweli. Nunua koti ukifika, usibebe la Gikomba, mikono yake huwa mifupi.